Kuni za Uzazi za Mama Nsimire

Jumamosi, tarehe tisa, mwezi wa kumi na moja, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na saba. Siku ya posho, kama tulivyoiita hapa Bukavu. Mvua ilianza asubuhi, ikateremka kutoka milimani bila kupumzika. Na mwanamke mmoja wa Cimpunda alikuwa msituni anafunga mzigo wa kuni. Alikuwa na mimba kubwa. Jina lake Nsimire. Siku ile alitoka nyumbani, na nyumbani hakurudi tena.

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Mwenye kupika na apunguze moto kidogo, asikie. Leo tunamkumbuka Nsimire, mke wa Papa Anaclet, mama wa Adolphine. Hakuwa mtu mkubwa. Hakuna barabara yenye jina lake, na wakubwa wakipita na magari yao hawajui kama aliwahi kuishi. Alikamatwa kwa ajili ya kuni. Narudia: kuni. Si dhahabu ya Mwenga, si bunduki, si mali ya mtu. Matawi yaliyokauka, yaliyoanguka yenyewe chini.

Nsimire alizaliwa mlimani, upande wa Kabare, katika nyumba ya wakulima. Alijua kuni kabla ya kujua Baba Yetu. Hivyo ndivyo anavyosema dada yake mdogo, Colombe. Mama Colombe yuko hai, na mengi mtakayosikia leo yametoka kinywani mwake.

"Sisi wengine tulikuwa tunaokota kuni," anasema Colombe. "Yeye alikuwa anachagua. Anapiga kijiti kwa goti, anasikiliza. Kikilia kama kengele, anachukua. Kikilia kama tumbo ya mugonjwa, anatupa. Tulimuchekaga: we Nsimire, unatafuta kuni ao unatafuta bwana?"

Bwana alimpata. Ndiye Anaclet. Akamwoa, wakateremka mjini, wakapata nyumba ya udongo Cimpunda, kwenye mteremko mkali ambapo kiazi kikikuponyoka mkononi unakwenda kukichukua kwa jirani.

Na Anaclet alifanya kazi gani? Hapo ndipo moyo unapochoma. Anaclet alikuwa mpasua kuni. Ndiyo, wasikilizaji. Mpasua kuni, kule Muhumba, kwa Wazungu. Nyumba za Muhumba zilikuwa na shemine, yaani meko ya kuota moto, ndani ya saluni, chumba cha kupokelea wageni. Bukavu ina baridi yake, mnaijua, na Mzungu akisikia baridi, mtu mweusi anashika shoka. Kutwa Anaclet alipasua magogo, akayapanga ukutani kwa bwana wake, safu juu ya safu, mpaka mgongo ukawa kama si wake. Jioni alirudi Cimpunda mikono mitupu. Hata kibanzi hakuruhusiwa kubeba. Vibanzi vilikuwa vya kuwashia moto wa Madamu. Magome yalikuwa ya kulalia kuku wa Madamu. Mlinzi wa lango alimpapasa mifuko kabla ya kumfungulia.

Nsimire alimngoja mlangoni. Alimshika mikono, akainusa.

"Karibu, Papa Adolphine. Mikono inanuka kuni, nyumba inanuka baridi. Leo umepasua mingi?"

"Mingi sana."

"Basi leta hiyo mikono hapa, tupikie harufu."

Anaclet alicheka. Ilibidi acheke, maana mke wake alisema ukweli, na ukweli wa namna hiyo ukiuchukua bila kucheka unakuvunja. Lakini alipokaa chini kula, chakula kilipita kwa shida.

Sasa kuna jambo ambalo ninyi vijana wa makaa na jiko la chuma hamlijui. Mwanamke akibeba mimba, wakati ule, alianza kukusanya kuni za uzazi. Kuni hizo si za kupikia maharage. Hazikopeshwi. Haziguswi hata nyumba ikikosa moto siku mbili. Ni za siku atakapozaa: maji ya moto, uji wa moto, na moto wenyewe wa kumpasha mtoto joto siku zote ambazo mama hatoki nje. Mwenye rundo kamili alizaa moyo umetulia. Asiyekuwa nalo alituma mtu kuomba kaa la moto kwa jirani, na jirani alilikumbusha hilo kaa mpaka mtoto akaota meno.

Rundo la Nsimire lilikaa chini ya upenu, upande wa nyumba usiopigwa na mvua. Chini kabisa aliweka mawe, ili unyevu wa udongo usipande. Kuni nene zilitangulia. Anaclet alizipasua siku ya Mungu baada ya misa, kwa shoka la zamani ambalo mpini wake aliuchonga mwenyewe. Juu yake zikaja nyembamba. Magome yalitazama juu, ili tone la maji likipenya liteleze. Na kati ya kuni na kuni Nsimire aliacha nafasi ndogo kwa ajili ya upepo. Alimfundisha Colombe hivi: "Acha nafasi ya panya kupita. Si ya paka. Paka akipita, rundo itaanguka."

Wanawake wa mtaa walipita, wakatazama, wakabana midomo. Rundo lilikuwa limefika dirishani. Nsimire alitaka liguse upenu.

"Likigusa upenu," alisema, "hata kesho naweza kuzaa."

Ulibaki urefu wa mkono mmoja. Mkono mmoja tu, wasikilizaji. Mizigo miwili, pengine mitatu.

Kuni zilipatikana wapi? Juu ya mji, kwenye kalitusi za serikali. Wakubwa wa wakati ule walipanda ile miti, wakaizungushia sheria. Mti uliosimama usiuguse. Kilichokufa na kuanguka, kiokote, lakini siku ya posho peke yake. Kuni kavu, ruhusa. Kuni mbichi, gereza. Shikeni vizuri hayo maneno mawili, kavu na mbichi, maana ndiyo yaliyomuua Nsimire.

Siku ile, tarehe tisa, Nsimire alipanda na Colombe. Mvua iliwakuta juu. Wangeweza kurudi, lakini tumbo lilikuwa limekuwa zito, siku zinakwenda, na siku ya posho ni moja kwa juma. Wakaokota matawi yaliyokufa yakiwa yanatiririka maji. Wakafunga. Nsimire akapitisha mugozi, ile kamba ya kubebea mzigo, kwenye paji la uso, akainuka kwa kushika mti. Walipofika njia ya kuteremka, mlinzi wa msitu akatokea, kofia inadondosha maji. Aliitwa Constantin. Alitoka mbali, kule kwenye mto mkubwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule.

"Simameni! Mumebeba nini?"

"Ndizi," Nsimire akajibu. "Hauone?"

Colombe akaangua kicheko. Constantin hakucheka. Mtu amelowa, amepewa kofia na wakubwa, halafu mwanamke anamcheka.

"Usinichezee, mama. Kuni hizi ni kavu ao ni mbichi?"

"We papa! Na mvula hii yote? Iko mubichi! Shika uone. Ata miye mwenyewe niko mubichi mupaka ndani ya mifupa."

"Umesema ni mbichi."

"Niseme nini ingine? Uko na macho."

Wasikilizaji wapendwa, mmesikia wenyewe. Kwetu Bukavu nguo iliyonyeshewa tunaiita mbichi. Mtoto aliyetoka kwenye mvua ni mubichi, unamvua shati, unamweka karibu na moto. Nsimire aliulizwa juu ya kuni, akajibu juu ya mvua. Lakini kwa kinywa cha sheria, kuni mbichi ni mti uliokatwa ungali hai. Alisema: zimelowa. Constantin alisikia: nimekata mti wa serikali.

Akawapeleka kwenye posti ya walinzi wa msitu. Pale chini ya mabati alikaa Mzungu wa msitu, na pembeni yake karani, jina lake Gaston. Nataka muelewe huyu Gaston ni nani. Constantin alikuwa mgeni, nitamsamehe nusu. Gaston alizaliwa hapa hapa Bukavu. Mama yake alianika nguo mbichi kwenye majani kama mama zetu wote. Lile neno alilinyonya na maziwa.

Constantin akasema: "Huyu mama amekubali mwenyewe. Kuni ni mbichi."

Gaston akamtazama Nsimire, maji yanamtoka kwenye kitambaa, yanamtiririka mpaka miguuni. Akatazama mzigo, nao unadondosha maji kwenye sakafu. Kisha akamgeukia Mzungu, akasema kwa Kifaransa: "Bois vert, monsieur." Kuni za mti mbichi, bwana. Maneno mafupi hivyo.

Na hapa linakuja jambo ambalo Mama Colombe akilisimulia anajifunika uso. Colombe alikuwa amefanya kazi ya yaya Muhumba. Kifaransa alijua kidogo, cha jikoni: sahani, kijiko, kitambaa, glasi. Na glasi kwa Kifaransa inaitwa "verre". Ukiisikia, ni sauti ile ile ya "vert" ya Gaston.

"Nikasikia Gaston anasema ver," anasimulia Colombe. "Nikafikiri Muzungu ana kiu, anaomba glasi ya maji. Nikamwambia dada kwa sikio: nyamaza, wanamuletea maji, akinywa atatuachilia. Dada akanyamaza. Tukangoja glasi."

Walingoja glasi. Mzungu aliuliza kama mwanamke ana la kusema. Gaston akaligeuza swali kwa Kiswahili haraka haraka. Nsimire, kwa adabu, akatikisa kichwa kusema hana. Ikawa imekwisha. Colombe hakuulizwa kitu. Aliyejibu njiani ni Nsimire, aliyefungwa ni Nsimire. Colombe aliteremka peke yake mpaka Cimpunda, bila mzigo, bila dada.

Anaclet alimkuta Colombe ameketi mlangoni pake, Adolphine mdogo mapajani.

"Mama Adolphine iko wapi?"

"Shemeji, bamemushika."

"Amefanya nini?"

"Hakuna. Alisema kuni iko mubichi."

Anaclet hakuelewa. Akauliza tena. Akajibiwa vile vile. Mtu unaelewa mke wako akiiba, unaelewa akipigana. Utaelewaje mke kufungwa kwa sababu alisema mvua inanyesha?

Kesho yake ilikuwa siku ya Mungu, ofisi imefungwa. Jumatatu asubuhi Anaclet alikwenda kazini Muhumba mbio, si kwa ajili ya kazi. Alifikiri: bwana wangu ni Mzungu, Mzungu wa msitu ni Mzungu, neno moja litatosha. Akasimama chini ya ngazi, kofia mkononi, akaeleza yote. Bwana alimsikiliza akiwa na kikombe cha kahawa.

"Wewe pasua kuni kwanza," akasema. "Madamu iko na baridi. Maneno ya mwanamuke yako, kesho."

Akapasua. Mke wake yuko ndani na mimba, yeye anapasua kuni ili Madamu aote moto. Akapanga kwa mpangilio ule ule ambao Mzungu aliupenda, vichwa vya kuni vimenyooka kama askari. Kesho yake akaambiwa tena: kesho. Siku iliyofuata Anaclet aliinua shoka, akalipiga ndani ya gogo mpaka likazama, akaliacha palepale. Akatoka. Mlinzi wa lango akataka kumpapasa mifuko.

"Papasa," Anaclet akamwambia. "Papasa vizuri. Leo nimebeba hasira, uone kama Madamu anaihitaji."

Ndivyo alivyopoteza kazi. Akapanda mpaka kwenye posti, akamkuta Gaston.

"Ndugu Gaston, we ni mutoto ya hapa. Nguo yenye imepigwa na mvula, tunaitaga namna gani?"

Gaston akatazama mlango. "Mubichi."

"Basi?"

"Basi mambo ya nguo iko ya nguo. Mambo ya musitu iko ya musitu. Muzungu ameshasikia."

"Mwambie ulikosea."

"Miye? Niende mbele ya Muzungu niseme nilikosea?" Gaston akacheka kidogo, kama mtu aliyeombwa akate kidole chake. "Papa Anaclet, niko na batoto."

"Na miye niko na mutoto. Iko ndani ya tumbo ya mutu mwenye mulifunga."

Gaston akafungua daftari lake. Anaclet akashusha sauti, akaomba kama unavyoomba kwa Mungu. "Leteni ule mzigo. Umekaa chini ya mabati siku hizi zote, umekauka. Pigeni kibiriti. Kuni za mti mubichi zinalia, zinatoa povu kwa kichwa. Kama zitatoa povu, munifunge na miye."

Constantin alikuwa amesimama hapo nje. Akaingilia, bila ubaya wowote, kama mtu anayesaidia.

"Mzigo gani? Ule wa mama wa mimba? Tulipikia maharage."

"Iliwaka?" Anaclet akauliza.

"Iliwaka vizuri sana."

Constantin mwenyewe alisikia alichosema, akafunga kinywa. Gaston akakohoa, akamwambia Anaclet atoke, kuna kazi nyingi. Kuni zilizomfunga mtu ziliwaka vizuri sana, zikaivisha maharage ya waliomfunga, na wakayala, na hakuna aliyekwenda kwa Mzungu kusema: bwana, hizi ni kavu.

Nsimire alihukumiwa bila kelele. Wakampeleka kambi moja ya wafungwa wa barabara, njia ya kwenda Kalehe, kupikia wale wanaovunja mawe. Kambi hiyo sitaitaja jina, maana hata jina haikuwa nalo. Mwanamke mwenye tumbo zito vile, walimpandisha kamio, lori la mizigo. Nani aliidhinisha? Wakubwa. Ukiuliza mkubwa gani, kila mmoja anaonyesha mgongo wa mwenzake.

Colombe aliikimbilia ile kamio ikiwa inapasha mota moto. Nsimire alimwinamia kutoka juu.

"Mwambie Papa Adolphine amalize rundo. Asipange kama ya Muhumba, ya urembo. Aache nafasi ya panya."

"Na wewe utarudi lini?"

"Nitarudi kuzalia kwangu. Kuni ziko kwangu, nitazalia wapi kwingine?"

Nitarudi kuzalia kwangu. Ndilo neno la mwisho ambalo dada yake alilisikia kwa kinywa chake, na Anaclet alilishika kama mtu anavyoshika ukingo wa shimo. Kazi hakuwa nayo tena. Alichimba mitaro, alibeba mchanga, siku nyingine hakubeba kitu. Lakini kila siku ya posho alipanda kwenye kalitusi. Mvua ikinyesha, alikaa na kuni zake chini ya mwamba mpaka jua litoke. Hakuteremka na tawi lenye tone moja la maji. Constantin alimwona, akageuza uso. Nyumbani akapasua, akapanga. Magome juu. Nafasi ya panya. Kila juma alikwenda ofisini kuuliza habari ya mke wake, kila juma akaambiwa angoje.

Adolphine leo ni mama wa watoto. Anasema: "Nilikuwa mudogo, lakini nakumbuka papa alinibeba kwa mabega, akanipa kuni ya mwisho niiweke miye mwenyewe chini ya upenu. Ilikwama kidogo, nikaisukuma. Akaniambia: umeona? Imegusa. Sasa mama atakuja."

Noeli ikapita. Mwaka mpya ukaingia. Na siku moja mchana, Gaston alionekana Cimpunda, na viatu vyake vya ofisi ndani ya tope. Hakukubali kuingia. Alisimama nje, karibu na rundo.

"Anaclet, pole. Mwanamuke amekufa kule. Alikuwa anazaa."

Anaclet alishika ukuta.

"Na mutoto?"

"Niliambiwa mwanamuke," Gaston akajibu. "Ingine sikuambiwa."

Anaclet na Colombe walifuata njia ya ziwa, kwa miguu, kisha juu ya kamio ya mchanga, kisha kwa miguu tena. Kambini askari mmoja aliwapeleka nyuma ya nyumba za majani, akawaonyesha tuta la udongo. Tuta moja. Udongo ulikuwa bado mbichi.

"Ni hapa," askari akasema.

"Alizaa?"

"Alikuwa anazaa."

"Na mutoto?"

"Miye sikuwa na zamu."

"Mwenye zamu ni nani?"

"Alihamishwa."

Anaclet akapiga magoti, akaanza kuondoa udongo kwa mikono. Alitaka kujua kama wako wawili. Askari wakamshika mabega, wakamvuta, wakamwambia ataingia ndani na yeye. Alipiga kelele jina la mke wake mpaka sauti ikakatika. Ziwa lilikuwa pale mbele, limetulia, zuri, kama hakuna kitu.

Wakati wanamvuta, Colombe alikwenda jikoni mwa kambi. Alimkuta mfungwa mmoja mwanamke anamenya mihogo. Yule mama alizungumza bila kuinua kichwa.

"Wewe ni dada yake? Mnafanana. Mama yangu, tulihangaika. Mvula ilipiga kambi, kuni zote zililoana, tukakosa moto ya kuchemusha maji. Tulipuliza mupaka macho ikavimba. Moshi tu. Alikuwa anasema: kuni ziko kwangu, nendeni muchukue kwangu."

"Na mutoto?"

"Walitufukuza hapo. Nilisikia kitu kinalia. Inaweza kuwa mutoto. Inaweza kuwa mbuzi ya kapita, ule musimamizi wa kambi. Dada yangu, nisikudanganye, sijui."

Askari akamwita Colombe. Yule mama akaendelea kumenya.

Wakarudi Cimpunda, wakaweka kilio bila maiti. Watu walikuja wengi, mvua ilikuwa inanyesha, na kilio kinataka moto. Wanawake walitazama lile rundo chini ya upenu, hakuna aliyethubutu. Colombe akasimama mbele yake, mikono imetanda. "Hii haiguswe! Hii ni ya uzazi!" Anaclet akatoka ndani. Akamwondoa shemeji yake taratibu, akavuta kuni ya juu kabisa, ile ya Adolphine. Akaivuta kwa nguvu, maana ilikuwa imebanwa vizuri.

"Choma," akasema. "Chomeni yote. Wamekuja watu, wasione baridi."

Ziliwaka bila moshi. Kuni zilizopangwa vizuri hivyo, zilizokauka hivyo. Wazee waliokaa pale walisema hawajapata kuona kilio chenye moto safi kama ule, na Anaclet, aliposikia wanausifu moto wa mke wake, ndipo machozi yalipomtoka mara ya kwanza.

Miaka ikapita. Wazungu wakafunga mizigo, wakaenda. Tulicheza barabarani, Anaclet pia alicheza, alifikiri sasa atajibiwa. Akavaa shati safi, akaenda ofisini kuuliza. Alimkuta nani kwenye meza kubwa? Gaston. Na kiti cha kuzunguka. Gaston akamwambia: hayo ni mambo ya Wabelgiji, waulize wenyewe. Wabelgiji wako wapi, aulize? Akaja mkubwa mwingine, akasema hayo ni mambo ya Gaston. Akaja wa tatu, akauliza: kuni gani, mzee? Wakubwa wanabadilisha kofia, wanabadilisha wimbo wa kuimba, lakini mtu wa chini akiuliza, wote wanakuwa viziwi kwa sikio moja.

Papa Anaclet hakuoa tena. Mpaka leo hapashi mikono kwenye moto aliowasha mtu mwingine. Majirani wanasema ni mkali, ana maneno machungu, anatukana serikali mbele ya watoto. Ni kweli. Mimi naona hajatukana vya kutosha.

Papa Anaclet, tunajua redio yako iko wazi. Tunakupa pole ambayo wenye ofisi hawakukupa. Adolphine, pole kwa mama ambaye unamkumbuka kwa mikono ya baba. Mama Colombe, pole sana, na ujifunue uso. Si wewe uliyegeuza lile neno. Na Nsimire, huko ulipo njia ya Kalehe, upumzike, usione baridi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mlio na kazi ya kusema kwa niaba ya wengine, makarani, watafsiri, walinzi, askari wa zamu, fikirini leo kabla ya kulala. Mtu maskini akifungua kinywa mbele yenu, anaweka maisha yake ndani ya neno moja, na ninyi ndio mnalibeba mpaka kwa mkubwa. Mnalifikisha vipi?

Na ninyi mnaotusikia upande wa Kalehe, kando ya ziwa. Ninyi mliokuwa watu wazima mwanzoni mwa mwaka hamsini na nane. Uliyekuwa na zamu siku ile, kama ungali hai. Uliyeleta mtoto nyumbani bila kusema umemtoa wapi. Uliyelelewa na watu ambao hufanani nao. Hatutafuti wa kumfunga. Papa Anaclet ni mzee, anauliza kitu kimoja tu, alichomuuliza Gaston kwenye tope, alichomuuliza askari kwenye tuta, alichouliza kwenye kila meza ya kila mkubwa, na hakuna aliyemjibu ndiyo wala hapana.

Na mtoto?